Yumo au Imo? Mwongozo wa Kufasiri Watu Wasiotaka Kufa

Kwa asiyejua, kibanda cha mkalimani ni kisanduku cha mbao na kioo nyuma ya ukumbi, kipana kama choo cha treni. Ndani yake wamo watu wawili, vipaza sauti viwili, chupa mbili za maji na kitufe cha kukata sauti mtu akitaka kukohoa. Mmoja anafasiri kwa nusu saa, mwenzake anapumzika huku akimwandikia majina na tarakimu kwenye karatasi. Siku ninayoikumbuka, mtaalamu kutoka ng'ambo alisimama jukwaani hapa Dar es Salaam akatangaza kwamba wengi wetu tuliomo ukumbini tutaishi kuiona Singulariti. Nilikuwa na sekunde mbili. Kichwani nikakuta sarufi ya Kiingereza ya darasa la tano: singula, umoja, plurali, wingi. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye hakika, "Wengi wetu tutauona Umoja."

Wajumbe wakapiga makofi. Mzee mmoja wa safu ya mbele, kanzu na koti, alisimama kabisa.

Mwenzangu, bibie wa Unguja aliyeanza kazi hii nikiwa bado sekondari, alibonyeza kitufe cha kikohozi, akacheka mpaka mtandio ukamteleza, kisha akaniandikia kwenye karatasi: "Umewaletea Muungano mwingine."

Tangu siku hiyo naweka daftari, na mwongozo huu umetoka humo. Umeandikwa kwa ajili ya wakalimani, wahariri wa kurasa za teknolojia, na shemeji yeyote anayependa kutawala mazungumzo ya msibani.

Anza na neno kubwa

Kabla ya yote utaulizwa utranshumani ni nini. Jibu la kitabuni: ni imani kwamba binadamu kama alivyo sasa ni kazi iliyoachwa njiani, na kwamba teknolojia ndiyo itakayoimalizia, ili asizeeke, asisahau, asiugue, na mambo yakienda vizuri asife. Mpaka hapo hujaharibu. Utaharibu ukitaka kuliweka neno lenyewe kwa Kiswahili.

Utashawishika kusema "kuvuka utu". Usithubutu. Kwa Mwingereza neno lile linaanzia mwilini: mifupa, damu, ubongo. Kwetu utu haukai huko. Mtu anaweza kuwa na mikono miwili, macho mawili na cheti cha kuzaliwa, na bado mtaa mzima ukasema yule si mtu. Baba aliyetelekeza watoto amevuka utu. Mwenye nyumba aliyeng'oa mabati ya mpangaji wakati wa masika amevuka utu na nusu. Ukitangaza ukumbini kwamba mgeni wetu ametumia maisha yake kuwasaidia watu wavuke utu, mtafutie mapema mlango wa nyuma.

"Uboreshaji wa binadamu" ni salama zaidi, ila unasikika kama mradi wa miaka mitatu, na lazima atokee mtu wa kuuliza posho. Mimi nimekata shauri kuliacha neno na ugeni wake, kama tulivyoiacha redio na baiskeli.

Aliyelipa neno hilo umaarufu ni Julian Huxley, mwanabiolojia wa Kiingereza, katika insha ya mwaka 1957. Mtaje kwa ujasiri, maana njia zetu zimewahi kupishana naye: mwaka 1929 alizunguka Afrika Mashariki akiangalia mambo ya elimu kwa niaba ya wakoloni, akaandika kitabu cha safari hiyo, na mwaka 1946 akawa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO. Mdogo wake, Aldous, ndiye yule aliyetoa riwaya mwaka 1932 kuhusu dunia ambamo watoto wanatengenezwa kwenye chupa na huzuni inatibiwa kwa vidonge. Ndugu wa tumbo moja, mmoja anafungua duka, mwenzake amesimama nje anaonya wateja. Ukiwa na hadhira ya kirafiki, ongeza kwamba Julian aliwahi pia kuwa rais wa chama cha yujeniksi cha Uingereza, cha watu walioamini kizazi kitanyooka tukichagua nani azae na nani asizae. Ukiwa na hadhira ya wafadhili, ishie UNESCO.

Ukishamtaja babu, mtaje na mjukuu. Fereidoun Esfandiary, mtoto wa mwanadiplomasia wa Iran, alizaliwa Brussels mwaka 1930, akahamia Marekani, na ukubwani akabadili jina akawa FM-2030, kwa sababu alikusudia kutimiza miaka mia mwaka huo. Waswahili tusimcheke sana. Tunao kina Masika, kina Njaa, kina Vita na kina Mashaka, wamebeba kwenye vitambulisho hali ya hewa ya siku waliyozaliwa. Sisi walau tunasubiri jambo litokee ndipo tumpe mtoto jina lake. Yeye alijipa jina la sherehe ambayo haijafika. Saratani ya kongosho ikamchukua mwaka 2000. Hawakumzika. Tutamkuta mbele kidogo.

Namna ya kutaja tarehe

Sasa Singulariti, ambayo nilishaiaibisha. Ni siku ambapo mashine itaizidi akili ya binadamu, itengeneze mashine bora kuliko yenyewe, na hiyo nayo itengeneze nyingine, mpaka sisi tubaki kituoni tunafuta vumbi la basi lililokwishaondoka. Wazo hilo aliliandika I. J. Good mwaka 1965, mwanahisabati aliyefanya kazi pamoja na Alan Turing wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jina limeazimwa kutoka kwa wanafizikia, wanaolitumia kwa kiini cha shimo jeusi, mahali ambapo hesabu zao hukwama. "Ukomo wa ubashiri" si tafsiri mbaya. Umoja ndiyo usiseme.

Kuhusu tarehe, jifunze kwa mafundi cherehani. Fundi wa nguo za sikukuu hakwambii hajui. Anakwambia "Alhamisi", kwa upole, huku anatazama pembeni. Vernor Vinge, mwanahisabati na mwandishi wa riwaya za kisayansi, aliitaja Alhamisi yake mwaka 1993: ndani ya miaka 30. Miaka 30 ikaisha 2023, naye akafariki Machi 2024. Ray Kurzweil, katika kitabu chake cha 2005, alitaja 2045, na alipotoa kitabu kingine mwaka 2024 hakuisogeza, jambo ambalo kwa fundi ni uaminifu wa kupigiwa mfano. Amezaliwa 1948. Siku ya kuchukua nguo atakuwa na miaka 97, na ndiyo maana kwa miaka mingi amekuwa akimeza vidonge vya lishe kwa makumi kila siku, afike dukani akiwa na miguu yake.

Kwa haki ya mzee huyo, si mpiga domo. Mwaka 1976 alitoa mashine ya kuwasomea vipofu maandishi kwa sauti, na miongoni mwa wateja wake wa mwanzo alikuwa mwanamuziki Stevie Wonder. Mtu aliyewahi kumpa kipofu gazeti lake la asubuhi, mimi nitamsikiliza hata akianza kusema mambo ya ajabu jioni.

Wewe ukiulizwa "lini?", taja mwaka ambao muulizaji atakuwa ameshastaafu.

Mgonjwa asiyeamka

Hapa usiharakishe, maana hapa lugha inakulipa.

Kriyoniksi ni kumhifadhi mtu kwenye baridi kali mara tu daktari anapotangaza kwamba amekufa, kwa tumaini kwamba siku moja utabibu utaweza kumwamsha na kumtibu kilichomuua. Wa kwanza alikuwa James Bedford, profesa wa saikolojia wa California, tarehe 12 Januari 1967, akiwa na miaka 73. Mpaka leo yupo. Au upo. Au ipo, vuta subira. Amehifadhiwa Scottsdale, Arizona, kwa shirika liitwalo Alcor, ndani ya mtungi wa chuma mkubwa kama simtanki, kwenye naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Ndugu FM-2030 yumo humo humo jirani.

Watu wetu wakisikia hivi hukimbilia utani mmoja: umeme ukikatika je? Wazuie. Mitungi ile haitegemei umeme. Ni chupa ya chai iliyokuzwa, kuta mbili zenye ombwe katikati, na kazi ni kuongeza naitrojeni kila inapopungua. Ila wenyewe pia hawana imani kamili. Wateja huwekwa kichwa chini miguu juu, ili kimiminika kikipungua kwa bahati mbaya, miguu itangulie kuharibika na ubongo uwe wa mwisho. Nilipofika hapo mwenzangu aliandika: "kama popo".

Na kimewahi kupungua. Miaka ya 1970, kwenye makaburi ya Chatsworth, California, waliopewa amana ya mitungi waliishiwa fedha za kuijaza, na maiti kadhaa waliokuwa wakingoja kuamshwa wakayeyuka na kuoza chini ya ardhi. Kwetu nasi maiti hucheleweshwa, tena akiwa tayari kwenye jokofu. Ila kwetu kinachomchelewesha ni bili ya hospitali.

Bei. Kwa miaka mingi Alcor walitoza dola 200,000 kwa mwili mzima na dola 80,000 kwa kichwa peke yake, na wengi hulipia kwa bima ya maisha. Wa kichwa wana hoja yao: watakaoweza kufufua ubongo hawatashindwa kuuoteshea mwili. Mweleze haya muuza supu wa Kariakoo, atakuuliza na makongoro bei gani.

Sasa sikiliza neno. Alcor hawasemi maiti. Wanasema mgonjwa. Mgonjwa asiyepumua, asiye na mapigo ya moyo, mwenye cheti cha kifo kwenye faili. Kwa Kiingereza neno hilo linapita kimya kimya, halidai chochote. Kwa Kiswahili, ukinitajia mgonjwa ni lazima nikuulize hali. "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" "Hajambo, ni vilevile." "Tangu lini?" "Tangu 1967." Ukisema marehemu, umekwisha kumtakia rehema na kufunga faili. Ukisema maiti, itabidi uamue kama maiti amelala au maiti imelala, na huo ni ugomvi ambao Waswahili hawajaumaliza hata kwa maiti wa kawaida wa Kinondoni.

Ushauri wangu: andika "mwili". Hakuna atakayekupenda, lakini hakuna atakayekushitaki.

Kupakia na kupakua

Watu wa kompyuta wametuachia vitenzi viwili, kupakia na kupakua, na vyote viwili vilikuwa na kazi zake kabla. Kupakia ni magunia ya mkaa kwenye lori. Kupakua ni wali kutoka kwenye sufuria. Nilipotamka kwamba ipo siku akili ya mtu itapakuliwa, niliwaona wajumbe wawili wakitazama saa.

Wanachomaanisha ni hiki: kusoma kila seli ya ubongo na kila kiungo kati ya seli na seli, kisha kuuigiza ubongo huo ndani ya kompyuta, ili mwenyewe aendelee kuwaza baada ya mwili kumshinda. Wamefika wapi? Kuna mnyoo wa udongoni, urefu wake milimita moja, mwenye nyuroni 302. Ramani ya nyuroni hizo ilichapishwa mwaka 1986, na hadi leo kuna watu wanahangaika kumfanya aishi kwenye kompyuta kama anavyoishi udongoni. Mwaka 2024 ikatoka ramani ya ubongo mzima wa inzi wa matunda, yule mdogo anayezunguka ndizi zilizoiva: nyuroni 139,000 na ushei. Binadamu ana takriban bilioni 86. Kwa hiyo kutoka mnyoo hadi inzi ilichukua miaka 38, na kutoka inzi hadi shemeji yako kumebaki mara laki sita.

Lakini tuseme wameweza. Babu kapakiwa, yuko kwenye seva. Mjukuu anatoka shule, anatua begi, anauliza. Anaulizaje? "Babu yumo?" Au, "Babu imo?"

Mwingereza hapati taabu. Ana kitenzi kimoja kinachofaa kwa babu aliye chumbani na maziwa yaliyo kwenye friji. Sisi hatukuachiwa uchochoro huo. Silabi ya kwanza kabisa inatutaka tutamke kama tunayemzungumzia ni mtu au kifaa, na hakuna ya katikati. Wanafalsafa wamejaza makabati kwa swali hili. Mtoto wa miaka minne wa Manzese analijibu kila anapofungua mdomo, na akikosea mama yake anamsahihisha hapo hapo huku anakaanga samaki.

Ndiyo maana, kati ya yote niliyoandika daftarini, ninachokitumia kila siku ni hiki: mtu akikuletea neno jipya, muulize ngeli yake. Yumo au imo? Akijibu yumo, endelea: analipa kodi? Anaweza kuoa? Akizimwa kwa bahati mbaya na mtu wa usafi aliyehitaji soketi, hiyo ni kesi ya mauaji? Akijibu imo, muulize basi amewatoza watu fedha za nini. Nimewafanyia hivyo wataalamu watatu wakati wa chai. Mmoja alifikiri sana, na huyo ndiye ninayemheshimu mpaka leo.

Ngeli hiyo hiyo itakusaidia kwa saibogi. Neno ni la mwaka 1960, la Manfred Clynes na Nathan Kline, waliokuwa wakiwaza namna ya kumrekebisha mwanaanga awezane na anga za juu kuliko kumbebesha hewa ya dunia. Ni kiumbe ambaye mashine imekuwa sehemu ya mwili wake. Hapa Kiswahili hakina shaka: saibogi amefika, wala si kimefika, kwa sababu ki- tumeiweka kwa kutukana. Kijitu kile kimekuja tena kudai kodi.

Na saibogi wapo. Januari 2024 kampuni ya Neuralink ilimwekea Noland Arbaugh, kijana wa Arizona aliyepooza kuanzia mabegani kwenda chini, chipu ya kwanza ya kampuni hiyo kuingia kwenye ubongo wa binadamu: elektrodi 1,024 kwenye nyuzi 64 nyembamba kuliko unywele. Akacheza sataranji kwenye kompyuta kwa kuwaza tu. Wiki kadhaa baadaye nyuzi nyingi zikawa zimechomoka. Wakarekebisha programu, akaendelea. Hiyo si Alhamisi ya fundi. Nguo imeshonwa na imevaliwa, hata kama mshono umeachia kwapani. Tahadhari tu unapolitamka neno chipu mbele ya Watanzania, maana tangu chanjo ya korona tuna majirani wanaosadiki kwamba wao walishawekewa, tena bure.

Bandia, unde, mnemba

Sehemu hii usiisome kabla ya kwenda kazini, inagombanisha.

Moshi, pale hospitali ya KCMC, kipo chuo kiitwacho TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo vya bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Mguu wa bandia unapanda daladala, unacheza kwaito, unamfikisha mtu kanisani. Noti bandia inamfikisha kituo cha polisi. Neno ni lile lile. Basi mashine inayojibu maswali tukaiitaje? Akili bandia, wakasema wengi, na wengine wakasikia noti. Akili unde, wakasema wengine, kutoka kuunda. Akili mnemba, wakasema wengine tena. Mwenzangu wa kibandani, kwa kuwa Mnemba anaijua kama kisiwa cha kaskazini mashariki ya Unguja kinachozungukwa na matumbawe, anashikilia kwamba kila akitamka akili mnemba anamwona pweza.  Ukiwa Nairobi sikiliza kwanza wenyeji wamesemaje. Ukiwa hujui uko wapi, sema ei-ai na upige funda la maji.

Ila ukilifasili neno hilo, usimwache mtu nje. Ile programu ya mazungumzo iliyoishangaza dunia mwishoni mwa 2022 haikuzaliwa na adabu. Januari 2023 iliandikwa kwamba vijana wa Nairobi walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuwekea alama maandishi ya mauaji, mateso na udhalilishaji wa watoto, ili mashine ijue ya kuyakwepa. Mtu akikuuliza ndani ya mashine ile kuna nini, mrekebishe ngeli. Wamo.

Nano, kwa ufupi: ni sehemu moja kati ya bilioni za mita, na kwa Waswahili wengi ni ile laini ya simu iliyokatwa na fundi kwa mkasi. Ziada ya hapo utaisikia kwenye maswali ya roboti wadogo watakaoogelea kwenye damu. Kunywa maji.

Kutozeeka nako hakuhitaji nafasi kubwa. Aubrey de Grey, Mwingereza mwenye ndevu za nabii, amekuwa akieleza "kasi ya kuponyoka": sayansi ikikuongezea zaidi ya mwaka mmoja wa uhai kwa kila mwaka unaoishi, kifo hakikufikii tena. Tajiri Bryan Johnson wa Marekani anasema hutumia dola milioni 2 kwa mwaka kuurudisha mwili wake nyuma, na mwaka 2023 alijiongezea hata utegili wa damu wa mwanawe, akapima, hakuona faida, akaacha. Aliyewahi kuishi zaidi kwa kumbukumbu zinazokubalika ni Jeanne Calment wa Ufaransa, miaka 122, aliyefariki 1997. Hakuna kati ya haya ambalo mzee wa Tanga aliyetoka kupaka piko ndevuni hajalielewa.

Mundu

Kwenye daftari langu ukurasa wa krispa hauna mzaha. Krispa ni mkasi wa kukatia jeni mahali unapopataka. Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier waliuonyesha mwaka 2012 wakapata Nobeli ya kemia 2020. Katikati hapo, mwaka 2018, He Jiankui wa China akatangaza mapacha wa kike aliowahariri jeni wakiwa bado viinitete, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Mtaalamu wetu jukwaani aliyapanga haya yote chini ya kichwa kimoja: kuboresha.

Kisha akataja tiba ya kwanza ya krispa kuidhinishwa duniani, Uingereza, Novemba 2023. Ugonjwa alioutaja ulikuwa seli mundu, na kwa mara ya kwanza siku ile sikuhitaji hata sekunde moja. Liangalie neno hilo. Aliyelitunga alichungulia kwenye hadubini, akaona seli ya damu imepinda, akakumbuka shamba la mpunga, basi. Mtoto analielewa.

Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye seli mundu, nchi chache duniani zinatuzidi, na Muhimbili wamewafuatilia wagonjwa hao kwa miaka mingi katika kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani. Tiba ya krispa Marekani ilitangazwa kwa dola milioni 2.2, mgonjwa mmoja. Mwenzangu aliiandika tarakimu hiyo kama anavyoandika zote, kisha akaizungushia duara, kalamu ikapita mara mbili, mara tatu, karatasi ikachanika kidogo. Ana mtoto wa dada yake, miaka tisa, anayetamka jina la dawa yake, haidroksiyurea, vizuri kuliko mimi niliyelipwa kuitamka. Mtoto yule hajaomba kuboreshwa. Anataka kucheza mpira Julai bila magoti kumuuma.

Zamu ya mwenzangu ilikuwa imefika. Akavuta kipaza sauti, akaendelea kufasiri, sauti ile ile.

Maswali na majibu

Mwisho wa kikao hukosi maswali, na maswali ndiyo hupima kama umejifunza kitu. Mzee wa safu ya mbele, yule aliyeushangilia Umoja wangu, alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akaletewa kipaza sauti, akakigonga kwa kidole, akasalimia kwanza, kama inavyopaswa.

"Bwana mgeni, tumekusikia na tumefaidika. Umetueleza kwamba huyo bwana wa kwenye mtungi ni mgonjwa, hajawa maiti. Mimi mtaani kwangu watu huniita kwenye mambo ya mirathi. Naomba unieleze: mkewe eda anaanza kuihesabu lini? Na nyumba, watoto wagawane, au wamsubiri?"

Nilimfikishia yote. Eda ilinigharimu maelezo: mjane, miezi minne na siku kumi, asiolewe, asitoke ovyo. Mirathi nikaieleza. Nyumba nikaieleza. Mtaalamu alisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akasema hilo ni swali zuri sana, akashukuru, akaomba linalofuata.

"Mzee," nikasema masikioni mwake, "anasema swali lako ni zuri sana."

Mzee hakukaa, wala kipaza sauti hakukirudisha.

"Najua ni zuri," akasema, amegeuka anatazama kibanda. "Mfasirie tena. Taratibu."